Cheni Mpya, Meno Yaleyale

Kabla hujafika Soni ukitokea Mombo, kuna kona moja ambayo madereva wa Fuso huanza kuipigia honi wakiwa bado mbali. Barabara hulegea kidogo pale, kisha ikajikunja na kupanda tena. Niliona nafasi ya kuwafikia wenzangu wawili waliokuwa wametangulia, nikaiteremsha gia kadhaa, nikasimama juu ya pedali, uzito wote kwenye mguu wa kulia. Kah! Pedali ikakosa pa kushika, mguu ukashuka bure, goti likagonga usukani, baiskeli ikaniyumbisha mpaka kwenye mtaro wa maji ya mvua. Fuso lililokuwa likishuka na kabichi lilinipita bila kupunguza mwendo. Utingo, aliyekaa juu ya magunia, alinipungia mkono.

Nikapanda tena. Mizunguko mitatu, ikaruka. Nikashuka nikaizungusha ile skrubu ndogo inayokaza waya wa gia, robo huku, robo kule, kama nilivyozoea kuona watu wakifanya. Ikaruka. Kilomita zilizobaki hadi Soni nilizimaliza kwa miguu, baiskeli mkononi, watoto wa shule wakinisindikiza na kuniuliza kama ninaiuza.

Kilichoniuma ni kwamba cheni ile ilikuwa mpya. Haikuwa imetimiza wiki tatu. Niliinunua mwenyewe, nikaikata mwenyewe na kuifunga mwenyewe, baada ya kuambiwa kwamba ya zamani imekwisha. Na ile ya zamani, pamoja na kuisha kwake kote, haikuwahi kuruka hata siku moja. Nilimstaafisha mzee aliyekuwa akifanya kazi, nikaajiri kijana, kijana akagoma siku ya kwanza aliyopewa mlima.

Hapa inabidi nilieleze neno moja. Kwa Mtanga wa umri wangu, kaseti ni ile ya taarabu, Black Star upande huu na Lucky Star upande ule, iliyokuwa ikirudishwa nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri za redio. Kaseti ninayoizungumzia leo ni lile rundo la sahani za chuma zenye meno linalovaa gurudumu la nyuma la baiskeli ya gia, ndogo ikiwa nje, kubwa ikiwa ndani upande wa spoki. Yangu ilikuwa na sahani 10, ndogo ya meno 12, kubwa ya meno 25. Baiskeli yenyewe ni ya mbio, tairi nyembamba, usukani wa pembe za kondoo, mtumba wa Ulaya. Mwenyewe wa kwanza sidhani kama aliwahi kuuona mlima. Meno 25 ni ya nchi tambarare.

Na Tanga ni tambarare, ndiyo sababu mji wetu ni mji wa baiskeli. Alfajiri ukisimama kwenye njia ya Deep Sea utawaona wachuuzi wa samaki na Phoenix zao, tenga nyuma, mnyororo ukilia kwa kukosa mafuta. Baiskeli hizo zina gia moja na friwili moja, na mji umejaa mafundi wanaoweza kuifungua friwili wakiwa wamefumba macho. Baiskeli ya gia 10 ni jambo jingine. Nilimpelekea fundi wangu si kwa sababu aliijua kaseti, bali kwa sababu ni mtu asiyekimbilia spana.

Anakaa Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zenye namba badala ya majina, chini ya mwarobaini uliopigiliwa misumari ya kutundikia tyubu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana mwandishi. Umeleta mgonjwa?"

Nilimsimulia kona ya Soni na mtaro. Hakuugusa waya, hakuugusa ule mkono wa nyuma unaosogeza cheni. Aliipindua baiskeli, ikasimama kwa siti na usukani, akazungusha pedali polepole kwa mkono mmoja, kidole gumba cha mkono wa pili kikipapasa sahani za katikati kama mtu anayevuta tasbihi.

"Ulipoweka ile kubwa kabisa ilikuwa inaruka?"

Nikafikiri. Kwenye kubwa haikuruka. Tangu Mombo nilikuwa nimepanda na kubwa, kimya kabisa.

"Sasa ulisukuma ya nini?"

Sikuwa na jibu. Ningeirudisha kwenye meno 25 ningefika Lushoto nimekaa kitini. Lakini swali lake lilikuwa limeshafanya kazi nyingine. Waya uliolegea husumbua karibu gia zote, cheni inasitasita kati ya sahani na sahani, inalalamika. Meno yaliyolika husumbua moja au mbili tu, zile ambazo mtu hushinda nazo, na husumbua pale unapokanyaga kwa nguvu. Mimi hapa Tanga nashinda kwenye meno 15 na 17. Kwenda Pongwe na kurudi, upepo wa bahari ukiwa mbele au nyuma, ni hizo hizo. Na kwenye ile kona nilikuwa nimeingiza 17.

"Cheni ya zamani umeitupa?"

Sikuitupa, vitu vya chuma sina moyo wa kuvitupa.

"Kailete. Na uje na rula ya mtoto."

Rula ya shule ina upande wa inchi ambao wengi wetu tuliutumia kukwaruzia meza. Kumbe ndio kipimo cha cheni. Katika cheni ya baiskeli, iwe ya Phoenix au ya mbio, pini na pini huachana kwa nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kwa hiyo ukiweka sifuri katikati ya pini moja na kuhesabu nusu 24, pini ya mwisho lazima ilale juu ya alama ya inchi 12. Cheni yangu mpya ililala hapo bila unywele. Ya zamani tuliining'iniza kwenye msumari wa mwarobaini, mzee akaivuta chini kidogo, nami nikasoma. Ilikuwa imepita 12 kwa milimita nne.

Nilicheka. Milimita nne ni unene wa vijiti viwili vya kibiriti vikilala pamoja. Mzee hakucheka. Kanuni wanayoifuata mafundi wa baiskeli za gia ni kwamba pini ikizidi alama kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, milimita 1.6 hivi, cheni itolewe mara moja, na kaseti itakuwa bado salama. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane, milimita 3.2, cheni imeshaiharibu kaseti. Mimi nilikuwa nimeyapita mashimo yote mawili nikipiga mluzi.

Watu husema cheni imevutika, kana kwamba ni mpira. Chuma chake hakivutiki. Kinachotokea ni kwamba kila pini inajisugua ndani ya tundu lake, mchanga na vumbi vikiwa msasa, tundu linapanuka kiasi kisichoonekana kwa jicho, na cheni ina viungo zaidi ya 100. Jumlisha. Hatua ya cheni, yaani umbali wa pini hadi pini, inakuwa ndefu kuliko hatua ya meno. Rola, kile kibomba kinachovaa pini, badala ya kutulia kwenye bonde kati ya jino na jino, inapanda begani mwa jino na kulisukuma kutoka juu. Siku kwa siku jino linachongeka, bonde linapanuka, mpaka meno yanafanana na cheni iliyoyachonga. Ndipo vinaendana tena. Cheni kuukuu na kaseti kuukuu ni kama mke na mume waliozeeka pamoja, kila mmoja ana kilema ambacho mwenzake amekizoea. Ukimleta mgeni mwenye hatua fupi na za sawasawa, mzigo wote unaangukia jino moja au mawili, rola inabingirika juu ya bega lililolika, na wewe goti linakutana na usukani.

Hapo kwenye kuyatazama meno, mimi na mzee tulibishana. Yeye alionyesha sahani ya meno 19, ambayo baadhi ya meno yake ni mafupi na yamepinda ubavu, akasema, "Hii imekwisha zaidi." Kwa macho ya mtu wa Phoenix, ambako meno yote ni mapacha, ana haki. Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, Shimano walipoleta mtindo walioupa jina la Hyperglide, sahani za kaseti huchongwa hivyo kiwandani kwa makusudi, na ubavuni huwekewa vijia vya kuibeba cheni ihame bila kurukaruka. Jino fupi siyo jino lililolika. Jino lililolika hulala upande mmoja kama pezi la papa, na bonde lake huwa pana upande unaovutwa na cheni. Tukaiweka 19 kando ya 17 kwenye jua. Kwenye 17 mapezi yalionekana, madogo, yote yakitazama upande mmoja kama kundi linalofuata mkondo. Mzee akakubali kwa kukohoa.

Kosa langu lililofuata lilikuwa Kariakoo. Nilimwagiza mtu anayekwenda Dar kununua "gia za nyuma," nikapokea kitu kizito, kinachong'aa, sahani saba, tundu lenye hesi katikati. Ilikuwa friwili. Ukiitazama kwa nje utaapa ni kaseti. Tofauti iko ndani: friwili ya gia hubeba ile mashine ya tiki-tiki tumboni mwake na kujisokota nzima nzima kwenye habu, wakati kaseti haina mashine yoyote. Mashine imo kwenye habu, ndani ya ngoma fupi yenye mifereji, na kaseti huvaa tu juu ya ile ngoma kama bangili. Ni Shimano waliousambaza mtindo huo kuanzia 1978, na inafaa kukumbuka kwamba walikuwa wakirudi kwenye asili yao. Karakana ya Shozaburo Shimano, iliyoanzishwa 1921 huko Sakai, mji wa Japani wa wahunzi wa visu, ilianza kwa kutengeneza friwili. Kitu kilekile kinacholia chini ya matenga ya samaki pale Deep Sea. Friwili ya Kariakoo ilikwenda kwa kijana wa jirani, ambaye baiskeli yake ilikuwa inaitafuta.

Kaseti halisi ililetwa na binamu yangu aliyekuwa anarudi kutoka Maskati, ndani ya sanduku, imeviringishwa kwenye kanzu. Robo kilo ya chuma kwa bei ya mbuzi wa wastani. Cheni niliyokuwa nimechelewa kuibadilisha ilikuwa nusu ya bei hiyo. Kama ningeibadilisha mapema, kaseti moja ingeweza kuzika cheni mbili au tatu kabla haijazikwa yenyewe.

Kwa kuwa fedha ilikuwa lazima itoke, nilikuwa nimeamua nisinunue meno yale yale. Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, tuliyatazama kwenye simu tukiwa sita tumesongamana. Wenzangu walitazama sura za wakimbiaji wakipanda mawe ya Kimihurura. Mimi nilitazama magurudumu ya nyuma. Sahani kubwa kama visosi! Ikiwa mabingwa wa dunia hawaoni aibu, mimi ni nani? Mkono mfupi wa nyuma wa baiskeli yangu hauwezi visosi, lakini meno 28 unayakubali. Kwa gia yangu ndogo ya mbele, yenye meno 39, kuhama kutoka 25 hadi 28 kunapunguza mwendo wa kila mzunguko wa pedali kutoka mita 3.28 hadi mita 2.93. Ni sentimita 35. Kwenye karatasi ni upuuzi. Kwenye mlima wa Mombo ni tofauti ya kuongea na kutoongea.

Kazi ilifanyika Jumamosi asubuhi. Kufungua kaseti kunahitaji vitu vitatu, na mzee alikuwa na kimoja tu, spana malaya. Cha pili, kifungulio kidogo chenye meno 12 ya kuingia kwenye ringi ya kufungia, kilikuja kwenye sanduku la Maskati. Cha tatu alikitengeneza hapo hapo: bapa la chuma la nusu mita, matundu mawili, na kipande cha cheni yangu ya zamani kikafungwa kwa bolti. Sikutegemea kuiona tena ikifanya kazi ya maana.

Sababu ya chuma hicho ni rahisi. Ringi hufunguliwa kwa kuizungusha kinyume cha saa, na huko ndiko ngoma inakozunguka bure. Usipoishika kaseti, vyote vitazunguka pamoja mpaka kesho. Kwa hiyo ule mkia wa cheni unavishwa kwenye sahani moja na kuizuia, huku spana inasukuma ringi. Mimi nilishika chuma, mzee akashika spana. Haikutikisika. Akachomeka bomba la maji kwenye mkia wa spana, akaegemea. Kwaa! Mlio kama tawi kavu likivunjika. Nilidhani tumevunja habu. Akaniambia nitulie, ni michirizi tu iliyo chini ya ringi, ile inayoizuia isilegee yenyewe.

Sahani ndogo zilitoka moja moja, kila moja na ringi yake ya kutenganisha. Kubwa zilitoka zimeshikana. Mzee alizitunga zote kwenye waya kwa mpangilio wake, kama samaki. Chini yake, ngoma ya alumini ilikuwa na makovu pale sahani zilipoikata kwa miaka ya kukanyagwa. Tukayasawazisha kwa tupa ndogo. Kisha mswaki, mafuta ya taa, karai. Tope lililotoka lilikuwa jeusi na lenye punje, na ukilisugua kati ya vidole linakwaruza.

Hapo nikamwambia kuhusu oili chafu. Yeye, kama mafundi wengi, anapaka cheni oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini za pikipiki, kwa sababu ni ya bure na ni nzito. Sikubaliani naye na nilimwambia. Oili hiyo inakuja tayari na unga wa chuma ndani yake, halafu inanasa vumbi la njia. Ni kama kuipaka cheni jiwe la kunolea. "Phoenix hazijalalamika," akasema. Ni kweli hazijalalamika. Phoenix ina gia moja, cheni na meno vinazeeka pamoja, havibadilishiwi mwenza. Hatukumaliza ubishi huo.

Kaseti mpya huvaa kwa namna moja tu. Kati ya mifereji ya ngoma kuna mmoja usiolingana na mingine, na kila sahani ina alama ya kuukuta. Grisi kidogo, sahani zikateleza ndani, ringi ikakazwa. Kiwanda kinataka nguvu ya Nm 40, ambayo kwa mtu asiye na spana ya kipimo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 16 kwenye mkia wa spana ya sentimita 25. Mzee alikadiria kwa mkono, krr, krr, krr, akasimama. Nikaishika sahani kubwa kuitikisa. Ikacheza. Siyo sana, lakini ilicheza, klik klik, kama jino la mtoto wa miaka sita.

Tukakaza zaidi. Ikacheza. Tukafungua, tukapanga upya, tukafunga. Ikacheza. Nilianza kumlaumu binamu kimoyomoyo, kisha muuzaji wa Maskati, kisha Wajapani. Ni mjukuu wa mzee, aliyekuwa akichezea karai kwa kijiti, aliyeuliza kama kile kipete ni cha kwetu. Alikuwa amekivua kutoka kwenye mafuta ya taa: ringi nyembamba ya milimita moja, ambayo kwenye kaseti kama yangu hukaa nyuma kabisa ya sahani kubwa. Ilikuwa imenata kwenye tope, ikazama. Tuliirudisha mahali pake, krr, krr, na kaseti ikatulia kama imechomelewa. Kijana alipewa soda.

Yaliyobaki yalikuwa madogo. Cheni ya wiki tatu ilibaki, maana haikuwa na kosa. Tuliipeleka kwenye kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kuhakikisha inafika bila kuung'oa mkono, ikafika. Kirola cha juu cha mkono wa nyuma kilikuwa kinagusa meno 28, tukakaza skrubu iliyo nyuma ya mkono mpaka pakaingia nafasi ya kupitisha kidole kidogo.

Tanga haina mlima wa kujaribia. Nilikwenda Raskazone na kurudi nikiwa kwenye 17, nikisimama juu ya pedali kila nilipoona barabara tupu, wapita njia wakinitazama kama mtu anayekimbizwa. Haikuruka. Jumamosi iliyofuata tulipakia baiskeli juu ya Kosta, tukashukia Mombo. Kwenye kona ya Soni niliiteremsha gia, nikasimama, nikausikilizia mguu wa kulia. Cheni ilishika. Wenzangu sikuwafikia, wapo waliozaliwa na mapafu.

Kaseti ya zamani iko kwenye msumari wa mwarobaini, imetungwa kwenye waya wake. Nilipopita juzi kudai rula ya mwanangu, mzee alikuwa ameinama juu ya Phoenix ya mchuuzi wa samaki, rula imelala juu ya cheni, na mchuuzi anamwambia afanye haraka, pweza wanaharibika.

"Subiri," mzee akamwambia, bila kuinua macho. "Sijafika inchi kumi na mbili."